Upolisi: aombe na cheti cha kidato cha nne, au asome chuo kwanza?

Mama Igoma
Habari za jioni wana-Mwanza. Mwanangu ana miaka 19, kidato cha nne kapata daraja la tatu, anautaka upolisi tangu mdogo. Baba yake anasema aombe mara tangazo likitoka. Mimi nataka stashahada kwanza. Kipi kina faida, kwake na kwetu tutakaohudumiwa?

Mstaafu Nyegezi
Mama, anza na umri. Matangazo ya karibuni yametaka wa kidato cha nne na cha sita wasizidi miaka 25, wenye stashahada na shahada wasizidi 30. Chuo hakimfungii mlango. Faida yake ataiona mbele: upelelezi, uhasibu, makosa ya mtandao. Kwata ni ileile kwa wote.

Mvuvi wa Mwaloni
Mimi nasema shahada, kila askari. Niliibiwa mashine ya mtumbwi. Kijana aliyenipokea kituoni alikuwa mpole, lakini tarehe ya wizi akaandika siku niliyoripoti, na namba ya mashine akairuka. Mahakamani wakili wa mshtakiwa akashika hapohapo. Mashine sikuiona tena.

Mwalimu Buswelu
Pole sana kaka. Ila kuandika tarehe tunafundisha shule ya msingi, hakuhitaji shahada. Ukiidai kwa kila mtu utawakosa vijana wa Ukerewe wanaolijua ziwa na watu wake. Polisi wa New York walidai krediti 60 za chuo, kama miaka 2 ya masomo. Februari 2025 wakashusha hadi 24, kwa sababu waombaji walikuwa wamepungua. Norway wana njia ninayoipenda zaidi: chuo cha polisi chenyewe kinamsomesha askari miaka 3 na kumpa shahada.

Dada wa Malimbe
Nasomea sheria. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yaani anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika mahakamani, yanatakiwa yachukuliwe ndani ya masaa 4 tangu akamatwe, labda muda uwe umeongezwa kisheria. Asiyelijua hilo anaua kesi kwa mkono wake. Kwa hiyo mimi ningelinganisha kazi kwa kazi. Wa doria, kidato cha nne kinamtosha. Mpelelezi, na hasa anayekaa dawati la jinsia na watoto, awe amesoma, maana mtoto aliyeumizwa hahojiwi kama mwizi wa kuku.

Mvuvi wa Mwaloni
Sawa dada, lakini sisi tunaanzia kwa yule wa kaunta. Mstari wa kwanza anaandika yeye.

Dada wa Malimbe
Kweli, hapo nilipitiwa. Basi naye afundishwe kuandika maelezo mpaka aweze, ndipo akabidhiwe kaunta.

Mama Igoma
Asanteni, nimemsomea baba yake yote. Ataomba tangazo likitoka. Akikosa, anakwenda kusoma sheria ngazi ya cheti. Mzee wa Nyegezi, na urefu? Ana futi 5 na inchi 7 na nusu.

Mstaafu Nyegezi
Wanaume wametakiwa futi 5 na inchi 8, mama. Mpime tena asubuhi akitoka kitandani, bila viatu.