Dini nyingi ao madini mingi? Munisaidie

Mama_Katuba
Bandugu, munisaidie na hili neno. Mutoto wangu wa mwaka wa tano aliandika kwa kaye yake "mu Kongo muko madini mingi lakini batu banaishi pamoja", alitaka kusema katolika, protestanti, kimbangu, islamu, vyote vile. Mwalimu akazungusha "madini" na biki nyekundu, pembeni akaandika: shaba? kobalti? Mutoto alirudi analia na miye nikakosa jibu, juu hapa kwetu tunasema vile, dini moja, madini mbili, sawa vile kanisa na makanisa. Nani alikosea? Na tena, ukiuliza mutu hapa "uko dini gani" anakujibu "niko metodiste" ao "niko wa kanisa ya Garenganze", lakini shangazi yangu wa Dar es Salaam anasema ile haiko dini, dini ni ukristo. Njo vile?

Mwalimu_wa_Zamani
Mama, nilifundisha Kiswahili miaka mingi. Kwa sarufi mwalimu ana haki: dini yangu, dini zetu, dini nyingi, wingi haubadiliki, sawa na nyumba ao nguo. Madini ni neno lingine kabisa. Dini ni kiarabu "din", madini ni kiarabu "ma'din", pahali panapochimbwa mali ya chini ya udongo, kwa hiyo ile "ma" ilikuja na neno lenyewe, haiko ya wingi. Lakini kumuachia mutoto rangi nyekundu tu bila kumueleza, hapana, ile inaniuma. Juu alichofanya mutoto, Waswahili wote walikifanya zamani! Angalia "madhehebu". Kiarabu ni "madhhab", neno moja tu, wingi hakuna pale. Watu wakasikia "ma" wakafikiri ni wingi, wakalikata, wakapata "dhehebu" moja. Leo kamusi zinalikubali. Mutoto wako ana sikio la lugha, tena mu muji wa shaba sawa huu wetu nani atasikia "madini" bila kufikiri migodi? Kwa mtihani aandike "dini nyingi". Kwa shangazi: ndiyo, kwa Kiswahili cha shule ukristo ni dini, metodiste ni dhehebu.

Binti_Kasongo
Salaam. Wazee wangu ni ba Kasongo, Maniema, na uislamu ulifika kule na wafanyabiashara wa pwani, wakati wa Tippu Tip, karne ya 19. Naongeza kitu kimoja. Kila siku kwa Alfatiha tunasoma "siku ya malipo" na kwa kiarabu pale neno ni lile lile, din. Hata "deni" ni wa mzizi ule. Bibi yangu alikuwa na duka ndogo ya chumvi na sabuni, mutu akichukua kwa mkopo halafu anapita njia ingine asionekane, bibi alisema "huyu hana dini", hata kama alimuona msikitini asubuhi. Hakusema hana imani wala hana dhehebu. Hana dini.

Kijana_Ruashi
Kwetu vijana hatuulizi tena dini gani, tunauliza "unasali wapi?" na mutu anataja kanisa. Na ba kanisa la uamsho wengi watakuambia "mi sina dini, niko na Yesu", kwao dini ni desturi tu, kukaa na kusimama bila moyo. Miye sikubali kabisa, juu Yakobo 1:27 anataja dini safi, ni kuangalia yatima na wajane. Neno halina kosa.

Mama_Katuba
Aksanti sana yaya mwalimu, na wewe binti, ile ya bibi imenigusa. Nimemusomea mutoto hii ya madhehebu, ameacha kulia, ameandika tena yote na biki ya bleu, "dini nyingi". Kesho nitapita kuonana na mwalimu kwa heshima. Ila sasa ananiuliza, ile ya bankambo, kumwaga pombe chini kwa wazee, nayo ni dini?

Mwalimu_wa_Zamani
Ni dini mama. Aandike "dini za jadi", na mwalimu akizungusha tena, uniite.