Tupeane uzoefu: vikundi vya mtaani, mtu anahesabiwa kwa lipi?

Wakuu, poleni na baridi. Nilipanga Ilemi hapa Mbeya miaka tisa. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilitoza shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini kilichopimwa hasa ni sura yako msibani. Usipofika na kuni au ndoo ya maji, katibu anakuandika faini. Baadaye kazi ikaninyookea, nikahamia Forest, kwenye nyumba za mageti. Huku kikundi kipo kwenye simu, ada 30,000, na jirani wa ukuta mmoja sikuwahi kumjua jina. Mwaka jana nikafiwa na mama. Wa Forest walituma rambirambi nzito, wakatokea saa ya kuzika, wakaondoka. Masufuria yalioshwa na akina mama wa Ilemi, waliokuja kwa bajaji alfajiri, na mimi ada yao nilishaacha kulipa! Hadi leo naona aibu. Kwenu vipi?

Mama Chapati: Kamwene. Niko Mtwivila, Iringa. Kikoba chetu unanunua hisa moja hadi tano kwa wiki, mkopo mara tatu ya hisa zako. Kwa hiyo wa hisa tano, walimu na wenye maduka, ndio waongeaji. Mimi wa hisa moja nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango. Sasa sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Nikapewa mmoja kwa sababu mimi sisafiri, chapati zinanifunga hapahapa. Weee! Siku hizi kikao hakifunguliwi mpaka nifike, mwalimu mzima ananisubiri juani. Ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga. Hisa bado moja.

Mhamiaji: Niko Wilolesi, Iringa pia. Kikao cha kwanza tu wakanipa uweka hazina, sikuomba. Kumbe wanataka mtu ambaye hela ikipungua atajazia mfukoni. Nimeshajazia mara mbili. Nikitaka kujiuzulu, naambiwa naringa.

Kiazi Mviringo: Mkuu, usilaumu mageti. Huku Uyole, Mbeya hiihii, hatuna mageti, na bado mpangaji anakumbukwa siku ya mchango wa barabara tu, kikao cha kupanga haitwi. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe wa kupita." Huo ulikuwa mwaka wangu wa saba.

Mleta mada: Mama Chapati, umeniua na hilo pindo. Jana nimempigia katibu wa Ilemi. Kasema jina langu halijafutwa daftarini. Nadaiwa miezi 31, yaani 62,000, faini bado hajapiga hesabu.