Mjadala: Kuku wa kienyeji wafungiwe msimu wa ndege wageni? Nasema tunamkaba asiyeiba

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Nalileta hili tulichambue bila jazba.

Kwetu huku pwani ya Mtwara Vijijini, jirani na Ghuba ya Mnazi, mkutano wa kijiji umeibua pendekezo: kuanzia Septemba hadi Aprili kila mwenye kuku na bata awafungie, asionekane hata mmoja akichakura karibu na mikoko. Sababu ni mafua ya ndege. Wenye mabanda ya broila na kuku wa mayai wanaunga mkono kwa nguvu zote. Wamezika pesa mle ndani, hofu yao naielewa. Ila sisi wenye matetea manane na jogoo mmoja tumegeuzwa tishio. Kijana mmoja akaenda mbali zaidi, akataka vijana wapewe manati wawafukuze ndege wa ufukweni.

Napinga. Sisemi ugonjwa ni hadithi. Kirusi cha H5N1 kiligunduliwa mwaka 1996 kwa bata bukini wa kufugwa kule Guangdong, China. Mwaka uliofuata kikaingia kwa watu Hong Kong: wakaugua 18, wakafa 6. Afrika kilibisha hodi Nigeria, Februari 2006, na kilikutwa kwenye shamba kubwa la kuku, si uani kwa bibi. Bata mwitu hubeba virusi vya mafua vya aina nyepesi bila hata kupiga chafya. Ukali huzaliwa pale kirusi cha jamii ya H5 au H7 kinapoingia kwenye umati wa kuku waliobanana, kikarukaruka humo mpaka kikabadilika. Kisha kinarudi porini na kuwamaliza walewale ndege tunaotaka kuwapiga manati. Afrika Kusini mwaka 2021 walikufa minandi, wale weusi wanaozama kuvua samaki, maelfu kwa maelfu katika pwani ya Cape. Nani alimwambukiza nani?

Sasa turudi kwetu. Septemba korosho zikianza kuiva ndipo wanapoingia wale ndege wadogo wa kijivu wanaokimbizana na maji yakikupwa. Wengine wametoka mpaka Siberia. Wanakula vijidudu vya topeni, hawana shughuli na banda la mtu. Lakini msimu huohuo pesa ya korosho inaingia mkononi, na kuku wanaanza kusafiri kuliko wakati wowote wa mwaka. Simama stendi ya Masasi asubuhi utazame tenga linavyosukumwa kwenye buti ya basi. Kuku wamefungwa miguu wawiliwawili, mmoja ameshalegea shingo, kinyesi kinachuruzika hadi kwenye begi la mtu aendaye Mikindani. Jioni tenga lilelile linarudi tupu, halijaona hata maji, na kesho linaingia kijiji kingine. Hilo hamlifungii, mnamfungia tetea wangu?

Nawasilisha. Karibuni mnipige mawe, ila kwa hoja.

Mama Trei (Mtwara mjini)

Kaka, umeandika vizuri lakini umejipendelea. Mimi nina kuku wa mayai 600, nimewalea tangu vifaranga, na kirusi hiki hakina cha kupunguza hasara. Kikiingia, unazika wote. Oktoba 2023, hapo Msumbiji, mkoa wa Inhambane, shamba moja liliteketeza kuku wa mayai wapatao 45,000. Najua Inhambane ni kusini mno, si kuvuka Ruvuma tu ukafika. Lakini Afrika Kusini nako walikuwa na balaa hilohilo mwaka huohuo mpaka mayai yakaadimika madukani. Ukinipigia hesabu za tenga, mimi nakupigia hesabu za bata.

Bata wako anashinda kwenye dimbwi moja na yangeyange na bata mwitu. Bata anaweza kubeba kirusi na asionyeshe hata dalili moja. Jioni analala jikoni kwako. Asubuhi mwanao anakanyaga kinyesi chake, anakuja kwangu kuomba mbolea ya kuku kwa ajili ya mchicha, na ndala zilezile. Mimi nimeweka beseni la dawa mlangoni, yeye analiruka kama anacheza rede. Niambie hapo mwizi ni nani.

Kuchi Mweusi

Kufungia kwa miezi minane, chakula anatoa nani? Kuku wa kienyeji anajitafutia mchwa, mabaki ya ugali, punje za mtama. Ukimfungia unageuka mfanyakazi wake. Na mimi kuchi wangu wa kupiganisha ukimweka na wenzake banda moja, kesho unakuta msiba bila mafua yoyote.

Bwana Mifugo Mstaafu (Lindi)

Vijana, hebu tulieni. Mnabishana kabla ya kujua mnaongelea ugonjwa gani.

Huku kwetu kuku akikoroma, macho yakavimba na kutoa machozi, watu wanasema "mafua". Hayo ni mafua ya kuku, yanatokana na bakteria, na dawa zake zipo. Kuku wakianza kusinzia, kinyesi kikawa cha kijani, shingo ikapinda kama anatafuta nyota, wakafa kijiji kizima kwa wiki moja, huo ni mdondo, wengine kideri. Huo ni wa kirusi, hauna tiba, una chanjo. Mafua ya ndege ni mgeni wa tatu. Kuku anaweza kufa ghafla asubuhi na jana alikula vizuri, au upanga na ndevu zinageuka rangi ya zambarau, uso unavimba. Lakini nawaambia ukweli wa miaka yangu kazini: mdondo mkali na mafua ya ndege huwezi kuvitofautisha kwa macho. Hata mimi siwezi. Ni maabara tu, na Mtwara kipo kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari.

Hapo ndipo hatari yetu ilipo, na mleta mada hajaigusa. Kila kiangazi mdondo unafagia vijiji, watu wamezoea. Kuku wakifa 30 hakuna anayeshtuka wala kuripoti. Kuku akianza kusinzia, kisu. Maji ya moto, manyoya yanatupwa nyuma ya nyumba, utumbo anapewa mbwa, na wale ambao bado wanasimama wanakwenda sokoni kabla hawajalala chini. Siku mafua ya ndege yakija yatajificha ndani ya mdondo kama mtu aliyevaa kanzu msikitini, utamjuaje?

Kwa hiyo mimi sianzi na banda, naanza na tone. Chanjo ya mdondo ya I-2 inavumilia joto, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Haizuii mafua ya ndege hata chembe, msinielewe vibaya. Ila kijiji kilichochanja, kuku wakifa kwa mkupuo, kila mtu atajua hii si ile ya kawaida. Kengele italia.

Na nyama mkiipika mpaka ndani kirusi kinakufa. Wanaoumia sana ni wanaonyonyoa kuku mgonjwa kwa mikono mitupu, na kwetu hao ni kina mama na watoto.

Mtoto wa Feri

Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi, naongelea ndege tu. Huko baharini membe wakikusanyika na kupiga mbizi, sisi tunajua jodari wako chini, tunageuza jahazi. Huyo mwenye manati akimaliza membe atatununulia vifaa vya kutafutia samaki? Halafu ndege ukimkurupusha huku anahamia kijiji cha pili. Kama anaumwa, umemsaidia kusambaza. Mkiona ndege wamekufa wengi ufukweni msiwashike, semeni ofisini. Ni hayo tu.

Mama Trei

Mtoto wa Feri, kwa manati niko na wewe. Uganda Januari 2017 walioanza kuonekana wamekufa ni ndege wa ziwani, pembeni mwa Ziwa Victoria karibu na Entebbe, halafu wakafuata bata na kuku wa Masaka. Ndege wa porini ndio walipiga kengele. Ukiwafukuza unaifukuza kengele.

Ila mzee hapo juu amesema kuripoti. Nani aripoti? Mnaikumbuka Namanga, Oktoba 2017, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikachomwa moto vikiwa hai. Serikali ilisema vimeingizwa kinyume cha katazo la kuzuia mafua ya ndege. Watu wakagawanyika, wengine sheria ni sheria, wengine ukatili gani huu. Mimi sikuongea kitu, nilitazama ile picha nikawaza kuku wangu 600.

Mleta mada

Mama Trei, hapo umefika nilipokuwa nataka kufika, ila mimi nilizunguka kwenye matenga.

Nisimulie kidogo. Miaka miwili nyuma nilipoteza kuku 34 kwa siku nne. Nilibeba wawili waliokufa kwenye mfuko wa rambo nikaenda ofisi husika. Nikaambiwa mtaalamu yuko semina, niwarudishe nyumbani, nije wiki ijayo. Nikakaa pale kwenye benchi, mfuko miguuni, inzi wamejaa, mama mmoja akahama kiti. Nikarudi. Waliobaki saba nikawauza siku hiyohiyo kwa mchuuzi, bei ya kutupa. Alijua wanaumwa, nami nilijua kwamba anajua. Walikwenda wapi? Pengine Mtwara mjini, pengine mtaa wako, dada yangu. Hilo nalisema kwa aibu.

Sasa nipe sababu moja ya kutofanya hivyo tena. Kama kuripoti maana yake ni kuja watu na kuchimba shimo, kuku wote wafukiwe, nami nibaki na mabanzi ya banda, nitauza kabla hawajafika. Kila mtu atauza. Hoja yangu ni hii: kabla ya kutuambia tufungie kuku, mtuambie kuku mzima anayeuawa kuzuia ugonjwa atafidiwa shilingi ngapi na kwa siku ngapi, iandikwe, ibandikwe ofisi ya kijiji. Wapo watakaosema tutaanza kuua kuku wenyewe ili tulipwe. Basi alipwe aliyewahi kuripoti tu, aliyeficha asipate kitu.

Kuhusu chanjo ya mafua ya ndege yenyewe, kabla mtu hajauliza: Ufaransa walianza kuchanja bata wa kufugwa Oktoba 2023, na wanapima kundi kwa kundi. Misri wamechanja kwa miaka mingi na kirusi bado kimejikita, kwa sababu ukichanja bila kupima, kirusi kinatembea chinichini. Sisi hata tone la mdondo halijafika kila nyumba.

Mzee wa Lindi, la majina nimelichukua. Nitalisema mkutanoni.

Kuchi Mweusi

Kwa hiyo kuchi wangu yuko huru au hayuko huru?

Mama Trei

Kaka, nimekusamehe wale saba. Kuku wako wachakure. Mimi nataka bata tu, waondoke kwenye dimbwi. Ukifungia bata, mimi nakomesha trei kuukuu za mayai zinazozunguka madukani na kurudi kwangu. Kila anayekuja na trei ya karatasi iliyotumika ataiacha getini. Umekubali?

Mleta mada

Bata ninao sita. Wavu nimeununua jana, banda nusu limesimama chini ya mwembe. Usiku kucha wamepiga kelele, mke wangu anasema nikalale nao huko.

Mama Trei

Wazoee. Jumamosi nakuja kuangalia.