Tupeane uzoefu: nakala yako ya Hybrid Theory ilikuwa na ubovu gani?

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu. Leo nimeikumbuka Hybrid Theory, albamu ya Linkin Park, ile bendi ya Marekani, iliyotoka Oktoba 2000. Marekani ndiyo albamu iliyouza kuliko zote mwaka 2001, ila huku kwetu nani alinunua nakala halali? Wengi tulichomewa. Kwa hiyo siulizi kama uliipenda. Nauliza ilikufikiaje, na ilikufikia ikiwa na ubovu gani.

Naanza mwenyewe. Mwaka 2003, Morogoro, kuchomewa CD ilikuwa buku. Jamaa akaandika juu yake kwa maka peni: LINKIN PAK. Nyimbo 12, na zote kwa pamoja hazifiki dakika 38. Mdogo wangu akaiweka mezani kifudifudi, akaivuta, ikachubuka. Tangu siku hiyo ikifika wimbo wa nane inagoma: kinanda kinaanza vizuri, Mike Shinoda, rapa wa bendi, anaanza kuchana, halafu krr krr krr. Na wa nane ndio In the End! Wimbo mkubwa kuliko yote humo ndani, mimi naujua mwanzo tu. Kiitikio nilikuja kukisikia miaka miwili baadaye ndani ya daladala. Nilipitiliza kituo.

Tiririkeni.

Vidole Kumi
Mkuu, hicho kinanda nilikipiga kanisani, Mungu anisamehe. Wakati wa sadaka, mwaka 2006. Kwenye sauti yake halisi vitufe vyeusi ni vingi mno, nikabonyeza transipozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti, nikaushusha nikapiga kwa vyeupe, polepole, kwa sauti ya zeze. Wazee wakawa wanatikisa vichwa kwa unyenyekevu. Vijana wa safu ya nyuma ndio walioniponza, maana walianza kuchana kwa kunong'ona. Mwalimu wa kwaya akaniuliza baada ya ibada ule ni wimbo namba ngapi kitabuni. Nikamwambia ni wa kigeni. Sikudanganya.

Mwana wa Mvita
Yangu ilikuwa kanda, na ilikuwa halali, mjomba kaja nayo kutoka Maskati. Ubovu wake ni jalada halikudumu hata siku mbili. Mlioona jalada mnakumbuka yule askari mwenye bendera na mbawa? Mamangu alipoliona tu:
"Wewe, jini hili umelitoa wapi?"
"Si jini mama, ni askari."
"Askari gani ana mbawa za kereng'ende?"
Nilikosa jibu, kwa sababu kweli ni mbawa za kereng'ende, Shinoda mwenyewe ndiye aliyemchora hivyo. Jalada likaenda jikoni likawashia makaa. Kanda akaniachia, kwa sababu alikuwa hajaisikiliza.

Kitanda cha Juu
Bweni, kidato cha tatu. Mwalimu wa nidhamu alinikamata na redio ya CD ya mkononi, akasikia yale mayowe ya One Step Closer akasema huu ni muziki wa matusi, nitarudi nyumbani na barua. Akaipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza akague maneno. Mwalimu yule alikaa nayo wiki mbili! Kumbe albamu nzima haina tusi hata moja, kelele zote zile. Barua haikuandikwa. CD nilirudishiwa ikiwa na vidole vya mafuta ya maandazi, na redio ikiwa haina betri.

Mzee wa Magitaa
Mnakuza mambo. Hii ni rap iliyotiwa gitaa, si roki. Na ilishika namba moja kwa sababu ya video tu.

Mtoa mada
Mzee, haikuwahi kushika namba moja Marekani. Iliishia namba mbili, na In the End nayo ikaishia namba mbili. Hiyo ndiyo ajabu yake: imeuza mamilioni kwa kukaa sokoni miaka na miaka, si kwa kishindo cha wiki moja. Na kama ni rap tu, yule mwimbaji wao Chester Bennington alikuwa anafanya nini pale? Jamaa aliacha sherehe yake ya kutimiza miaka 23 akaenda studio kurekodi sauti ya kuombea nafasi kwenye bendi. Lakini nakupa pointi moja, wimbo wa 11 hakuna anayeimba kabisa, ni DJ wao Joe Hahn na mashine zake anakwaruza santuri.

Sitaji Jina
Nakala yangu ilikuwa ya kaka. Alikuwa anarudia Crawling tu, wimbo wa tano, mpaka tukawa tunamfokea abadilishe. Sisi tulisikia kelele. Alikuwa anakunywa sana wakati ule, na Chester alishaeleza kwamba wimbo ule unahusu ulevi na dawa alizokuwa anapigana nazo yeye mwenyewe. Tarehe 20 Julai 2017 habari za kifo cha Chester zilipotoka, kaka alinipigia usiku, hakusema jambo, tukakaa kwenye simu kama dakika kumi. Yupo hai, ameacha pombe, yuko Tabora anafuga nyuki. Bado hapendi tukiubadilisha.

Mtoa mada
Asante kwa hii, ndugu. Msalimie.

Betri Chini
Ngoja kwanza. Wimbo wa 11 hakuna anayeimba??

Mimi yangu nilichomewa Mwanza, 2004. Wa 11 ukianza kuna mtu anaongea kidogo, halafu basi, ni ngoma na mikwaruzo mpaka mwisho. Nikajua nimepigwa. Nikamrudishia jamaa, nikamwambia sauti imeliwa. Akachoma nyingine. Ileile. Nikarudi tena, safari hii na kaka yangu mkubwa. Jamaa akaapa kwa mama yake kwamba ndivyo ulivyo, kaka akamwambia anatuona washamba, akarudisha hela yote na CD tukaondoka nayo.

Kibanda chake siku hizi kinauza vocha. Nilikipita asubuhi ya leo.