Fulana laini ya IIIA inazuia risasi ya AK?

ZamuYaUsiku: Wakuu, habari za jioni. Walinzi wa gari la fedha wananunuliwa fulana za kuzuia risasi. Muuzaji ana fulana laini, lebo inasema NIJ IIIA, na anadai zinazuia kila kitu. Majambazi wenye AK je? Pia ana mabamba ya chuma kwa bei nafuu. Tuchukue?

Mhunzi77: Mkuu, kwa AK hiyo ni nguo tu. IIIA ni daraja la NIJ, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya fulana hizi, na hupimwa kwa risasi za bastola, ikiwemo .44 Magnum kwa mita 436 kwa sekunde. Risasi ya AK, 7.62x39, hutoka mtutuni kwa kama mita 715, ina ncha, na mara nyingi ina kiini cha chuma. Ya bastola ni butu na laini. Ikigota kwenye matabaka ya aramidi (Kevlar na nduguze) inabonyea kama uyoga, nyuzi zinavutana na kusambaza kishindo. Ya bunduki inapenya kabla nyuzi hazijawahi kuvutana.

Hata fulana ikishinda, kipimo kinaruhusu udongo unaowekwa nyuma yake badala ya mwili ubonyee hadi milimita 44. Hapo mbavu zinaweza kuvunjika. Aliyepigwa apelekwe hospitali hata kama hakuna tundu.

KauriNgumu: Kwa bunduki ni bamba, hakuna njia ya mkato. La kauri uso wake mgumu unavunja ncha ya risasi, kauri yenyewe inapasuka hapo hapo, halafu tabaka la nyuma linadaka vipande. Ndiyo maana likiangushwa kwenye sakafu laweza kupata ufa usiouona kwa macho. Ufa huo huonekana kwa eksirei. Msiyarushe garini zamu ikiisha, tafadhali.

Bamba la poliethilini tupu (plastiki) ni jepesi sana, ila M855, risasi ya bunduki ya milimita 5.56 yenye ncha ya chuma, hupenya mengi ya daraja la III (daraja la NIJ la kuzuia bunduki, juu ya IIIA). Pia halipendi joto, kwa hiyo lisiachwe kwenye gari lililofungwa juani.

Chuma nisingemvalisha mlinzi. Risasi inasambaratika usoni pa bamba, na vibanzi vinaruka kwenda kooni, kidevuni na mikononi. Tena M193, risasi ndogo ya 5.56, ikipigwa karibu hutoboa baadhi ya vyuma vilivyoizuia 7.62x51 iliyo nzito zaidi. Kinachotoboa hapo ni kasi.

ZamuYaUsiku: Asanteni sana. Lebo nyingine zimeandikwa RF1. Ni nini?

Mhunzi77: Ni majina mapya ya NIJ, toleo la 2023. HG2 inakaribiana na IIIA. RF1 hupimwa pia kwa 7.62x39 yenye kiini cha chuma laini, yaani AK yako hasa. RF2 inaongeza M855, RF3 ni ya risasi za kutoboa vyuma.

Geuza bamba usome nyuma. Likiandikwa ICW (in conjunction with, yaani pamoja na), halifanyi kazi peke yake, lazima livaliwe juu ya fulana laini iliyotajwa hapo. Wengi wanakosea hapa.

KauriNgumu: Na uvaaji: ukingo wa juu ukae kwenye kibonyeo kilicho kati ya mifupa ya mtulinga. Likining'inia tumboni, moyo uko wazi. Fulana laini ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, isitiwe jiki wala kuanikwa juani, na ilazwe bapa. Angalieni tarehe ya kutengenezwa. Dhamana nyingi ni miaka 5. Zile za Zylon, aina nyingine ya nyuzi, zilifutiwa ithibati Marekani mwaka 2005 kwa sababu nyuzi zilidhoofika mapema, kwa hiyo mtumba usio na lebo usiuguse.