Natafuta kijiji alikotoka babu yake mama mkwe Ujerumani, nimekwama kwenye "Neuendorf"

MamaTumaini

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada hasa nyie mlioko Ujerumani au mliowahi kuhangaika na mambo ya ukoo. Mimi ni Mtanzania naishi Wisconsin, Marekani, nimeolewa huku. Mama mkwe wangu ana miaka 84 na macho yameanza kumsumbua, hamu yake ni moja tu, ajue babu yake mzaa baba alitoka kijiji gani. Baba yake hakuwahi kumsimulia, kipindi kile cha vita watu wengi huku walinyamaza kabisa kuhusu Ujerumani, hata kuongea Kijerumani waliacha.

Kilichobaki ni Biblia ya zamani, ndani ukurasa mmoja umeandikwa kwa mkono, wino umekuwa wa kahawia. Nilikaa nao usiku na kioo cha kukuzia, mwanzoni nikaona vijimistari vya kupanda na kushuka tu maana e yao inafanana kabisa na n, mpaka nilipogundua u ina kikofia kidogo juu ndo nikaweza kusoma: Johann Wilhelm, kazaliwa 1857, "Neuendorf, Preussen". Basi, hakuna zaidi.

Nyumbani wanasema alitoka Hamburg 1881. Niliandikia ofisi moja ya usajili huko Ujerumani, wakanijibu mistari miwili kwamba hawana kitu. Sasa nimeangalia ramani hizo Neuendorf ziko kibao. Naanzia wapi jamani?

Mzee_wa_Altona

Dada pole na hongera kwa kuusoma huo mwandiko, unaitwa Kurrent na Wajerumani wenyewe wa siku hizi wengi unawashinda.

Kwanza toa Hamburg kichwani kama kwao. Hamburg ilikuwa bandari, watu walifika pale kupanda meli tu, ni kama mtu aseme katoka Dar kumbe kapitia stendi. Na Preussen, ule ufalme wa zamani wa Kijerumani, nayo haikusaidii, ilianzia mpaka wa Uholanzi ikaenda hadi kule kwenye mpaka wa Urusi.

Halafu hiyo ofisi haikukudanganya. Usajili wa serikali Preussen ulianza tarehe 1 Oktoba 1874, na Ujerumani nzima Januari 1876. Mtu wa 1857 yuko kwenye daftari la ubatizo la kanisa, na hakuna ofisi moja kuu yenye madaftari ya nchi nzima, bila jina kamili la kijiji na wilaya hutapata kitu hata ukiandika barua mia.

Ila kama kweli alipitia Hamburg una bahati sana, maana orodha za abiria za hapa zipo toka 1850 mpaka 1934, na zinaandika mahali mtu alipokuwa akiishi, tafuta safu ya Wohnort. Waliopitia Bremen, ile bandari nyingine, ndo wenye shida, zile za kuanzia 1875 hadi 1908 zilichomwa na watunzaji wenyewe kwa kukosa nafasi ya kuziweka, inaniuma kila nikikumbuka. Na usipomwona kwenye orodha za meli za moja kwa moja tafuta zile nyingine, wengi walivuka kwanza mpaka Hull Uingereza, treni mpaka Liverpool, ndo wakapanda meli ya Marekani, hao waliandikwa kwenye daftari lao tofauti.

Usitafute kwa jina la ukoo peke yake. K inakuwa C, P inakuwa B, T inakuwa D, na wanaoziingiza kwenye intaneti nao wanasoma vibaya. Tafuta kwa umri na mwaka. Na Johann usimtegemee, kila mtoto wa kiume alibatizwa Johann, jina la kuitwa lilikuwa la pili, kwahiyo huyo anaweza kuwa Wilhelm kila mahali.

Mwanausharika

Mzee kaeleza vizuri, mimi naongeza kwamba usiondoke Wisconsin kwanza. Ukoo wa mke wangu ni wa hukohuko na miaka miwili nilipoteza kutafuta Ujerumani kitu ambacho kilikuwa kilomita chache toka nyumbani kwetu, kwenye kabati la usharika.

Makanisa ya Kilutheri ya Wajerumani huko yaliandika madaftari kwa Kijerumani na wachungaji wao walikuwa makini, mtu akifariki wanaandika kazaliwa wapi, kijiji na Kreis, yaani wilaya. Ukitafuta karatasi zake za uraia utachoka, za kabla ya Septemba 1906 kwa kawaida zinasema Ujerumani tu. Waombe maziko, ndoa, ubatizo wa watoto wote, na uandike majina ya wazazi wa ubatizo. Hao si watu wa kuokotwa njiani, mara nyingi ni ndugu au majirani waliotoka kijiji kimoja, sisi mke wangu babu yake alituficha kijiji lakini msimamizi wa mtoto wake wa pili akatupa. Na magazeti ya Kijerumani, matangazo ya vifo, Wisconsin Historical Society pale Madison wanayo mengi mno.

binti_wa_Lushoto

Samahani naingilia, mimi nina kisa cha upande wa pili. Bibi yetu mmoja alizaa na Mjerumani Lushoto enzi ikiitwa Wilhelmstal. Nyaraka za huko nazo zipo?

Mzee_wa_Altona

Zipo mdogo wangu. Nyaraka za Wajerumani ziko Hifadhi ya Taifa pale Upanga, UNESCO waliziingiza kwenye kumbukumbu za dunia 1997, na huku nyingine ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, pale Berlin-Lichterfelde, fungu la R 1001, la wizara ya makoloni. Fungua uzi wako nitakufuata hukohuko.

MamaTumaini

Jamani nimerudi na mikono inatetemeka. Katibu wa usharika wa zamani wa familia alinifungulia daftari jumatano. Maziko ya 1931, mstari mmoja: "Neuendorf, Kr. Lauenburg". Nimeangalia ramani Lauenburg iko pale kwenye mto Elbe karibu kabisa na Hamburg, kumbe nyumbani walikuwa sahihi?

Mzee_wa_Altona

Subiri dada usikate tiketi bado! Lauenburg ziko mbili. Ya hapa Elbe, na nyingine Pommern, mkoa wa Preussen ya zamani, ambayo leo ni Lębork, Poland, na Neuendorf ya huko sasa inaitwa Nowa Wieś Lęborska. Wisconsin ilijaa watu wa Pommern. Angalia majirani zake kwenye daftari hilohilo wanatoka wapi.

MamaTumaini

Nimeangalia picha nilizopiga. Kurasa nne, na karibu kila mstari umeandikwa Pommern. Na msimamizi wa mtoto wake wa kwanza ameandikwa "Lauenburg i. Pom."

Mwanausharika

Basi huyo ni wa Poland ya leo. Madaftari mengi ya makanisa ya Pommern yalipotea 1945, kwahiyo ukikosa ubatizo wake usilie. Tafuta vifo vya wazazi wake waliobaki, kama walifariki baada ya Oktoba 1874 wako kwenye usajili wa serikali, na fomu ile inataja hata wazazi wa marehemu. Anza na hifadhi za Poland kwenye intaneti, skani nyingi ni bure, na FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo. Pia kijana wa miaka 24 kuondoka 1881 inawezekana alikwepa jeshi, majina ya hao yalitangazwa kwenye gazeti la serikali, Amtsblatt.

MamaTumaini

Mungu awabariki. Jana nimemwonyesha mama mkwe picha ya kile kijiji kwenye kompyuta, nikaikuza mpaka ikajaa kioo. Aliniuliza jina linatamkwaje Kipoland, hakuna aliyejua, tukaweka sauti akairudia mara tatu. Kesho naanza na vifo vya Lauenburg vya 1874.