Mrejesho: kabati langu na mchwa wa Lamu

Assalaam aleikum wenzangu. Ni mie niliyeuliza kama plaiwudi ya marini, ile ya tabaka za mbao zilizogundishwa kwa kazi za majini, huliwa na mchwa, maana kabati langu la emdiefu (MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) walishalimaliza.

Huliwa. Fundi alinipasulia kipande alichokitoa kwa jirani: gundi imebaki imesimama kama kurasa za kitabu, mbao laini za katikati zimekwisha. Kumbe huo umarini ni wa gundi kuhimili maji; mchwa hutazama mti wenyewe. Na bei yake ile!

Tulipolivuta la kwangu, mgongo wake ulikuwa ngozi ya rangi tu, kidole kikazama. Njia ya udongo, nene kama kalamu, ilitoka kwenye ufa wa sakafu ikapanda ukutani. Boriti za mikoko darini hawakuzigusa.

Ufa tumeuziba. Jipya nimefanya fremu ya mvule, ubao wa moyoni mwa mti, na plaiwudi iliyopakwa dawa ya boroni hadi kingo zilizokatwa, kabla ya rangi. Lina miguu, na nyuma nimeacha upana wa kiganja nipate kumulika tochi. Miezi mitatu sasa, sijaona udongo. Mke wangu anataka lisukumwe ukutani. Hapo bado twavutana.